Ulikuwepo, au Uliambiwa?

Nilianza muhula kwa neno moja. Niliandika ubaoni BARIDI, kisha nikagawa karatasi, kopi moja kwa kila kundi la watu sita, maana darasa lina wanafunzi 61 na kopi za wote zingenimalizia nauli ya wiki nzima ya kushuka Moshi mjini na kurudi. Karatasi ilikuwa na aya moja kutoka kwenye shajara ya Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi chini ya shirika la wamisionari la Kiingereza, kituo chake kikiwa Rabai karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kuja Uchaggani, aliona juu ya Mlima Kilimanjaro kitu cheupe kinachong'aa. Akadhani ni wingu. Mwongoza njia wake akakiita kitu kile kwa neno moja tu, nalo Rebmann akaliandika kama sikio lake lilivyolipokea: beredi.

"Mwalimu, hilo si ni neno letu!" akapaza sauti binti mmoja kutoka nyuma.

Darasa likachangamka. Nikauliza: haya, karatasi hii inatuambia nini? Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa kijana ambaye hajawahi kuachia nafasi ya kwanza tangu aanze kidato cha kwanza. Akasimama, akavuta shati lake vizuri, akasema: "Ni chanzo cha maandishi. Faida yake, hudumu kwa muda mrefu. Hasara yake, huwafaa wanaojua kusoma na kuandika tu." Akakaa. Wenzake wakampigia makofi, na walikuwa na haki ya kumpigia, kwa kuwa kwenye mtihani jibu lile lingempa alama zote.

Nilibaki na chaki mkononi. Kila mwanafunzi wa historia nchini mwetu anaweza kukutajia vyanzo vya historia hata ukimwamsha usiku wa manane: masimulizi ya mdomo, maandishi, mabaki ya kale, makumbusho, nyaraka, lugha. Kila kimoja kina faida zake na hasara zake, na zote zimo kwenye notisi. Lakini ukimkabidhi chanzo chenyewe, hajui akishike wapi. Ni kama mtu aliyekariri majina ya vifaa vyote vya seremala na hajawahi kugusa randa. Na aliyemkaririsha ni mimi. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya madarasa nikisoma orodha ile polepole ili waandike.

Sababu za kubadilika zilikuwa kadhaa, ila iliyonisukuma zaidi ni lugha. Hawa ni watoto wa mtaala mpya, walioingia kidato cha kwanza na kukuta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili. Kabla ya hapo historia ya sekondari ilikuwa kwa Kiingereza, na ukimya wa wanafunzi wangu niliudhania ni uvivu wa kufikiri. Haukuwa uvivu. Mtoto anayetafuta neno la Kiingereza la "kwa nini huyu mzungu anajisifu" hukata tamaa kabla hajalipata, na swali lake linafia kooni. Mwaka huo maswali yalianza kutoka, na mimi sikuwa nimejiandaa kuyapokea.

Swali la kwanza gumu lilihusu mpaka. Niliwabandikia ramani ya Afrika Mashariki, wakaona wenyewe jinsi mstari kati yetu na Kenya unavyotoka pwani umenyooka, ukifika Kilimanjaro ukapinda, kisha ukanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Nikauliza kwa nini. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: Malkia Victoria alimpa mlima mjukuu wake, Kaiser wa Ujerumani, zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Hadithi hiyo utaisikia kwa waongoza watalii, kwenye daladala, na kwa walimu. Nimeifundisha mimi mwenyewe. Safari hii sikusema ni kweli wala uongo. Niliandika ubaoni mambo mawili. La kwanza, makubaliano ya Uingereza na Ujerumani yaliyochora mstari ule ni ya mwaka 1886. La pili, mjukuu wa Victoria, Wilhelm wa Pili, alipata ukaiser mwaka 1888. Nikanyamaza. Ilichukua kama dakika mbili, kisha mmoja akasema taratibu, kana kwamba anaogopa kuvunja kitu: "Mwalimu, mwaka 1886 hakuwa Kaiser bado."

Tukasoma maelezo ya mpaka yalivyo kwenye makubaliano: mstari unatoka mdomoni mwa mto Umba, unakwenda hadi Ziwa Jipe, unavuka mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachagga, unazunguka mguu wa kaskazini wa Kilimanjaro, halafu unakwenda moja kwa moja hadi ziwani. Hakuna zawadi humo, wala bibi, wala mjukuu. Wamo Taveta na Wachagga, yaani watu waliokuwa tayari wamepangiwa upande. Tukarudi nyuma mwaka mmoja. Mwaka 1885 Rindi, mangi (yaani mtawala wa Kichagga) wa Moshi, alikubaliana na ujumbe wa Sultani wa Zanzibar ulioongozwa na Jenerali Mathews, na mwaka huohuo akakubaliana na Jühlke, mjumbe wa Wajerumani. Wanafunzi walicheka kwanza, wakasema mangi alikuwa kigeugeu. Kisha kijana mmoja mkimya, ambaye baba yake ni dalali wa ndizi pale Mwika, akasema: "Labda alikuwa anaangalia nani atatoa bei nzuri." Sijui kama Rindi aliwaza hivyo. Ninachojua ni kwamba kwa mara ya kwanza mwanafunzi wangu aliutazama mkataba akamwona mtu anayefikiri nyuma ya alama iliyowekwa pale chini.

Baada ya hapo nikajiona niko tayari kwa jambo kubwa zaidi, nikaleta mwaka 1889.

Kila mtoto wa huku anajua kwamba Hans Meyer alifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na kila mtoto wa huku amesikia jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa ndiye aliyewaongoza wazungu hao. Niliwapa kurasa chache za Meyer kuhusu siku zile za mwisho, nikiwatafsiria mstari kwa mstari. Kwenye kurasa zile, juu kwenye barafu yupo Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller. Anayebaki nao kwenye kambi ya juu, akitunza hema kwenye baridi isiyoelezeka, ni mtu wa Pangani anayeitwa Mwini Amani. Jina la Lauwo hawakuliona.

Upande wa pili niliweka masimulizi. Mwaka 1989, mlima ulipotimiza miaka mia tangu safari ile, mzee Lauwo alienziwa kama mtu aliyekuwepo na bado yu hai. Alifariki mwaka 1996, na mwaka wake wa kuzaliwa hutajwa kuwa 1871.

Wakachukua kalamu, wakatoa. Miaka 125. Nikawaongezea jambo moja: mtu ambaye umri wake mkubwa kuliko wote umethibitishwa kwa nyaraka ni Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122.

Binti mmoja akauliza, bila ubaya wowote: "Kwa hiyo babu alidanganya?"

Sitasahau jinsi darasa lilivyonyamaza. Wapo watoto wa Marangu mle ndani. Wapo wenye ndugu wapagazi na waongoza njia, ambao jina la yule mzee kwao ni sehemu ya heshima ya kazi wanayolishwa nayo. Na kubwa kuliko yote, wote wamelelewa kujua kwamba mzee akisema, umesikia. Humwulizi mzee "una ushahidi gani?" Ukimwuliza, mama yako atasikia kabla hujafika nyumbani.

Nilijaribu kuwapitisha kwenye njia nyingine. Niliwauliza: kabla ya vyeti vya kuzaliwa, bibi zenu walihesabu umri kwa nini? Wakasema kwa njaa, kwa nzige, kwa vita, kwa rika. Je, mtu aliyepanda mlima miaka na miaka, akiwaongoza wageni wengi wa aina mbalimbali, safari zake zinaweza kuchanganyika kichwani? Wakakubali zinaweza. Haya, na Meyer naye? Alizaliwa Hildburghausen, Ujerumani, katika familia ya wachapaji vitabu. Alishajaribu mlima mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 alikamatwa pwani wakati wa vita vya Abushiri, akajikomboa kwa fedha. Alipofika juu, alikiita kilele kwa jina la Kaiser. Mtu wa namna hiyo anapoandika kitabu kitakachosomwa na Wajerumani wenzake, ana sababu gani ya kutaja wabeba mizigo wake wote kwa majina? Na mbona Mwini Amani alitajwa?

Tulikaa na swali hilo vipindi viwili. Hatukulimaliza. Yule binti aliandika kwenye daftari lake sentensi niliyoinakili kwangu: "Meyer anajua tarehe lakini hajui watu, babu anajua watu lakini hajui tarehe." Naipenda sentensi hiyo, japo si haki kamili kwa yeyote kati yao.

Nilijua nimefika mahali pa hatari. Watoto walikuwa wamejifunza kumhoji mzungu aliyekufa zamani, jambo lisilomgharimu mtu. Je, wangeweza kumhoji aliye hai, anayewajua wazazi wao? Nikawapa kazi ya nyumbani: mfongo unaopita juu ya shule yetu, ulichimbwa na nani, na lini?

Kwa asiyezijua habari za huku, mfongo ni mfereji wa jadi unaoshusha maji kutoka mtoni juu hadi kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, migomba na kahawa ipate kunywa. Mingine ni ya zamani mno. Maji yake yana zamu, na zamu zina ugomvi. Nilichagua mfongo kwa kuwa kila mtoto ana babu wa kumwuliza. Sikufikiria vya kutosha kwamba kila babu pia ana zamu ya maji.

Makundi yakarudi na masimulizi matatu. La kwanza lilisema mfongo ulichimbwa na ukoo mmoja enzi za mangi wa kwanza. La pili likasema hapana, ni ukoo mwingine, na ule wa kwanza walikaribishwa tu baadaye. La tatu lilikuwa la bibi mmoja mjane aliyewaambia watoto kwamba mfongo wa juu kweli ni wa kale, ila kipande hiki kinachopita shuleni aliona kwa macho yake kikichimbwa, akiwa msichana anayewapelekea wachimbaji ndizi za kuchemsha.

Wanafunzi walipoyaweka ubaoni, niliwauliza jambo moja kwa kila simulizi: msimulizi akiaminika, nani anapata nini? Walijibu haraka kuliko nilivyotaka. "Anapata maji, mwalimu." Mmoja akachombeza ule msemo wa mtaani, "Za kuambiwa changanya na zako," darasa likavunjika kwa kicheko.

Kicheko kile kilifika kijijini kabla yangu. Siku ya tatu mkuu wa shule akaniita: kuna mzee amekuja kulalamika kwamba shuleni watoto wanafundishwa kuwabishia wakubwa, na kwamba mjukuu wake amemwuliza mbele ya wageni kama ana faida gani na hadithi ya mfongo. Mkuu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, nenda kaongee na mzee."

Nilikwenda Jumamosi jioni, na kilo ya sukari kwenye mfuko.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu. Karibu kiti."

Aliniacha nikae kimya muda mrefu. Niliomba radhi kwanza, na niliiomba kwa moyo, kwa sababu mtoto hakupaswa kuuliza vile mbele za watu na kosa la kutomfundisha namna ya kuuliza lilikuwa langu. Kisha nikamweleza tunachojaribu kufanya. Nikamsimulia habari ya Meyer na ya mstari wa mpaka. Kwenye habari ya mpaka alisogea mbele.

"Sasa mwalimu," akasema, "haya mambo ya kuuliza mnadhani mmeyatoa kwenye vitabu. Baba yangu alikuwa mzee wa baraza. Watu wakija na kesi ya shamba, shahidi haanzi kusema tu. Kwanza anaulizwa: ulikuwepo, au uliambiwa? Akisema aliambiwa, anaulizwa: na nani? Na huyo alikuwepo? Hapo ndipo unajua maneno yake uyapime kwa kipimo gani. Aliyeambiwa hafukuzwi barazani. Anasikilizwa, lakini anakaa nyuma ya aliyekuwepo."

Nilitoa daftari langu nikaandika, na alifurahi kuona naandika.

Nikakusanya ujasiri. "Na mfongo, babu? Wewe ulikuwepo?"

Alinitazama. Nilidhani nimeharibu tena. "Mimi niliambiwa na baba," akasema. "Na baba aliambiwa na baba yake. Wa juu, lakini. Hiki kipande cha shuleni sikumbuki, nilikuwa nasoma mbali." Halafu, baada ya kunywa chai: "Nani kasema alikiona?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa pole pole. "Huyo mama alikuwepo. Mwulizeni tena."

Tulimwuliza tena, safari hii wanafunzi wanne, kwa shikamoo na kwa kuomba, si kwa kudai. Walikuwa wamejipanga: wasimwulize mwaka, maana mwaka hatakumbuka, wamwulize kilichokuwa kinatokea wakati ule. Bibi akasema ni mwaka aliopata kipaimara. Akaingia ndani, akatoka na kopo la bati la biskuti, na humo ndani, chini ya picha na kadi za misiba, kulikuwa na cheti cha kipaimara, kimekunjwa mara nne, cha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wanafunzi walikishika kama yai. Waliporudi shuleni, jambo la kwanza waliloniambia halikuwa mwaka. Waliniambia hakuna mtu aliyewahi kumwuliza yule bibi habari za mfongo, kwa sababu mambo ya mfongo huulizwa wanaume.

Tangu siku hiyo swali la babu limeandikwa kwenye kadibodi juu ya ubao wetu. Sasa kila karatasi inayoingia darasani inaulizwa hivyo kwanza. Ulikuwepo, au uliambiwa? Na kama ulikuwepo, ulikuwa umesimama wapi? Hata gazeti. Hata kitabu cha kiada, na hapo mwalimu wa taaluma alinipitia kidogo, akitaka kujua kama mada za muhula zitakwisha kabla ya mtihani. Zilikwisha, kwa kukimbizana. Sitadanganya kwamba njia hii haili muda. Inakula, na upo wakati ambapo orodha za faida na hasara bado nawaandikisha kwa sababu mtihani unazidai na mtoto akifeli hatapewa alama kwa ajili ya busara.

Lipo somo ambalo bado naliendea kwa hatua fupi. Kule Old Moshi kuna mti, na chini yake tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine. Nyaraka za wakati ule zinamweka kwenye fungu la waasi, yeye ambaye mwaka 1892 watu wake waliishinda nguvu ya kijeshi iliyoongozwa na von Bülow kwenye ardhi yao wenyewe. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi. Neno "uasi" naweza kulifundisha: nani analitumia, akiwa ameketi wapi. Lakini chanzo ambacho ni mfupa wa babu wa mtu, na wajukuu wake wako hapa, huwezi kukigawa kwa kopi moja kwa watu sita. Nilipowapeleka pale mtini, niliwaambia wasiandike chochote. Wasimame tu.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule tulikuwa tunapitia madaftari. Yule binti wa nyuma, aliyepiga kelele siku ya kwanza kwamba neno ni letu, alikuwa amerudi kwenye karatasi ya Rebmann, ile ya beredi, imechakaa kwenye mikunjo. Akanyosha mkono.

"Mwalimu, huyu mwongoza njia alikuwa mtu wa pwani?"

Nikamwambia walitoka pwani pamoja, ndiyo.

"Na walikuwa bado mbali na mlima?"

Bado mbali, nikasema. Aliuona kama wingu.

"Kwa hiyo hakuwepo. Hakuwahi kugusa." Alikuwa ameshikilia karatasi kwa mikono miwili. "Kitu cheupe ukikiona kwa mbali unasema ni cheupe. Huwezi kujua ni baridi kwa macho. Yeye aliambiwa." Akageuka akaitazama kadibodi juu ya ubao, kisha akanitazama mimi. "Aliambiwa na nani, mwalimu? Maana huyo ndiye aliyefika."